Giacomo Ciamician, Mwanakemia Aliyeanika Chupa Juani

Sisi watu wa Pwani twajua kuanika. Papa na ng'onda huanikwa, nazi huanikwa ikawa mbata, muhogo huanikwa ukawa makopa, na jua hufanya kazi yake bila kudai ujira. Lakini mtu akipanga juu ya roshani yake chupa za kioo kwa mamia, zimezibwa midomo, ndani mna maji ya rangi hii na hii, kisha akaziacha hapo miezi na miezi, nyingine hata mwaka mzima, majirani hawataacha kuuliza kuna nini. Ndivyo alivyokuwa akifanya Profesa Giacomo Ciamician katika mji wa Bologna, nchini Italia, kati ya mwaka 1900 na 1914. Alikuwa akiitafuta siri ya jani.

Leo hii wako wataalamu Marekani, Japani na Ulaya wanaochomoa protini ndani ya majani mabichi na kuziunganisha na chembe za madini, ili nuru ya jua ipate kuyapasua maji na kutoa haidrojeni, hewa iwakayo kwa nguvu na ambayo ikishaungua huacha mvuke wa maji tu. Watu hao waandikapo makala zao, aghalabu humtaja Ciamician mwanzoni, kama mshairi amtajavyo ustadhi wake kabla ya kuingia katika beti. Yafaa basi tumjue alikuwa nani.

Jina lake hutamkwa Chamichan, na mwisho wake watoboa asili. Ukoo wake ulikuwa wa Kiarmenia, uliotoka Istanbul, makao ya dola ya Kituruki, ukahamia bandari ya Trieste kiasi cha mwaka 1850. Trieste siku zile ilikuwa chini ya mfalme wa Austria. Ilikuwa bandari ya watu mchanganyiko, Waitalia, Waslovenia, Wajerumani, Wagiriki, Mayahudi na Waarmenia, kila mmoja na lugha yake na duka lake, na mtu wa Mombasa angeshuka hapo asijione mgeni sana. Hapo ndipo alipozaliwa Giacomo, mwezi wa Agosti 1857.

Masomo ya juu aliyasoma Vienna, na shahada ya udaktari akaipata katika Chuo Kikuu cha Giessen, Ujerumani, mwaka 1880. Kutoka hapo alishika njia ya Roma, akawa msaidizi wa mzee Stanislao Cannizzaro, yule ambaye mwaka 1860, katika mkutano wa Karlsruhe, aliwategulia wanakemia kitendawili cha uzito wa atomu kilichokuwa kimewatatiza miaka nenda miaka rudi. Kupata mwalimu wa namna hiyo ukiwa na miaka 23 ni bahati ambayo wengi huililia.

Huko Roma ndiko alikokutana na kitu kilichomshughulisha sehemu kubwa ya umri wake. Chaitwa piroli. Ni maji yapatikanayo mifupa ya wanyama ikiunguzwa ndani ya chombo kilichofungwa na mvuke wake ukatoneshwa. Mafuta hayo ya mifupa yananuka vibaya, wala si kitu ambacho mtu angependa kukitia chumbani. Piroli ilikuwa imetengwa kutoka mafuta hayo mwaka 1857, mwaka uleule aliozaliwa yeye. Lakini kuipata ni jambo moja, na kuijua tabia yake ni jambo jingine, na hilo la pili Ciamician alilifanya lake.

Hapa namwomba msomaji avute subira kidogo, maana bila piroli hadithi yote hii haishikiki. Piroli ni pete ndogo ya atomu 5, nne za kaboni na moja ya naitrojeni. Pete 4 za namna hiyo zikishikana mikono na kuzunguka chembe moja ya chuma, hupatikana kiini cha wekundu wa damu. Zikizunguka chembe ya magnesiamu badala ya chuma, hupatikana kiini cha ukijani wa jani, ule ukijani ambao ndio mtego wa nuru ya jua. Kwa hivyo damu yetu na mboga tuipikayo wana undugu ambao jicho halikuuona. Ciamician alipoanza, mambo haya hayakuwa yamebainika, na waliokuja kuyakamilisha ni Wajerumani, Richard Willstätter na baada yake Hans Fischer. Lakini pete yenyewe, namna ivunjikavyo, namna ipokeavyo kitu kigeni na namna igeukavyo, mtu aliyeichambua kuliko wote katika miaka ile ya 1880 alikuwa kijana huyu wa Trieste.

Hakuwa peke yake. Alikuwa na mwenziwe, Mjerumani kwa jina Paul Silber, ambaye alimzidi umri wa miaka michache. Wawili hawa waliungana Roma na tangu hapo wakawa kama pacha. Kwa piroli na iodini walitengeneza iodoli, unga uliouzwa kuwa dawa ya vidonda. Mwaka 1887 Ciamician alipopewa kiti cha uprofesa Padova, Silber akenda naye. Mwaka 1889 alipohamia Bologna, chuo kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote Ulaya na ambacho husemwa kilianza mwaka 1088, Silber akenda naye vilevile. Ciamician hakuhama tena hata alipofariki.

Turudi Roma kidogo, kwani mbegu ya nuru ilipandwa huko. Mwaka 1886 Ciamician alichukua kwinoni, unga wa rangi ya manjano, akautia katika spiriti, akaziba chupa na kuiweka juani. Miezi ikapita. Alipoichunguza akakuta ile kwinoni imegeuka kitu kingine, imeongezewa haidrojeni, na ile spiriti nayo imepungukiwa na haidrojeni yake. Jua lilikuwa limeichukua haidrojeni kutoka mkono mmoja na kuikabidhi mkono mwingine, bila moto, bila tindikali, bila chombo chochote ila kioo. Ni jambo dogo kulisimulia. Hata hivyo miaka mingi baada ya kufa kwake iligunduliwa kwamba ndani ya jani mna kwinoni ya aina yake, na kazi yake hasa ni hiyo hiyo, kupokea hapa na kukabidhi pale. Kwa hakika mtu yule alikuwa amegonga mlango wa nyumba yenyewe, ila hakufunguliwa.

Kwa nini basi aliacha, akarudi kwa piroli hata miaka ikapita zaidi ya 10? Piroli ndiyo iliyokuwa ikimpa jina. Kazi ya nuru ilikuwa ya polepole mno, na mtu kijana anayetafuta kiti cha uprofesa hawezi kungoja mwaka mzima ili aandike makala moja. Hayo ni maoni yangu, lakini msomaji ajuaye maisha ya vyuoni hatanibishia sana.

Mwaka 1900 alikuwa na kiti, alikuwa na jina, na alikuwa na Silber. Ndipo wakaanza kwa dhati. Roshani ya chuo cha kemia ikajaa chupa na neli za kioo. Iko picha moja mashuhuri ya siku hizo inayomwonyesha Profesa amesimama katikati ya chupa zake kama mkulima katikati ya shamba. Kila chupa ilikuwa na vitu vyake, na kila moja na muda wake. Waliangalia jua linatenda nini kwa kitu hiki na kile, wakaandika mfululizo wa makala zilizosomwa na wanakemia wa Ulaya nzima.

Nitataja kisa kimoja tu. Katika mafuta ya kisibiti, kiungo ambacho mapishi yetu yanakijua, mna kitu kiitwacho karvoni. Waliianika karvoni katika jua la Italia kwa muda wa kama mwaka mmoja, na mwaka 1908 wakatangaza kuwa imejikunja yenyewe kwa yenyewe na kuwa kitu kipya chenye umbo ambalo hakuna aliyekuwa amelizoea. Palikuwa na watu waliotia shaka. Wenyewe walikufa na jambo halijakatwa. Mwaka 1957 mwanakemia George Büchi na mwenziwe huko Marekani walirudia kazi ile kwa vyombo vya kisasa na wakaona kwamba Ciamician na Silber walisema kweli.

Waliuliza pia ni nuru ipi itendayo. Wakaziweka chupa nyuma ya maji ya rangi, hizi zipate nuru nyekundu, hizi zipate ya samawati. Katika majaribio yao ilionekana kuwa nuru ya upande wa samawati na zambarau ndiyo itendayo kazi, na ile nyekundu, ingawa hupasha moto, haikufanya la maana. Hivyo hapakuwa na nafasi tena ya mtu kusema kwamba ni joto la jua tu lililofanya yote.

Lakini chupa zilikuwa njia tu. Kilichomkera Ciamician ni tofauti baina ya maabara na mti. Mwanakemia akitaka kutengeneza kitu huchemsha, hukaza, humimina tindikali kali, huharibu zaidi kuliko apatavyo. Mti husimama kimya pale uwanjani, kwa joto la kawaida, ukatengeneza sukari, mafuta, rangi, harufu na sumu, kwa maji, hewa na nuru. Kwa nini sisi tushindwe? Alitaka kujua hivyo hata akaingia shambani. Akishirikiana na mtaalamu wa kemia ya kilimo, Ciro Ravenna, alitia vitu mbalimbali ndani ya miti hai ili aone miti itavifanya nini. Huyu Ravenna alikuwa Myahudi. Sheria za kibaguzi za mwaka 1938 zilimwondoa katika kazi ya uprofesa, na mwaka 1944 aliuawa katika kambi ya Auschwitz. Ciamician hakuishi kuyaona hayo.

Iko sababu nyingine ya hamu yake, nayo ni ya tumbo kuliko ya akili. Italia haina makaa ya mawe ya kutosha. Viwanda vya Uingereza na Ujerumani vilikaa juu ya migodi, ilhali Italia ililazimika kununua makaa kwa meli kutoka Uingereza. Nchi isiyo na kuni humtazama jirani mwenye kuni kwa jicho la namna yake. Ciamician, ambaye mwaka 1910 alifanywa seneta wa ufalme, aliyajua hayo kama kiongozi na kama mwanakemia. Makaa ya mawe, aliona, ni jua la zamani lililozikwa, majani ya kale yaliyokandamizwa ardhini kwa mamilioni ya miaka. Watu walikuwa wakitumia urithi wa marehemu huku mapato ya kila siku yakimwagika bure juu ya vichwa vyao.

Hoja hiyo ndiyo aliyokwenda nayo New York. Tarehe 11 Septemba 1912, katika mkutano wa nane wa kimataifa wa kemia ya matumizi, alisimama mbele ya wanakemia wa dunia nzima na kuwahutubia juu ya kemia ya nuru katika siku zijazo. Hotuba ilichapishwa mwezi uleule katika jarida la Science. Nimeisoma, na nathubutu kusema kwamba ukiondoa tarehe waweza kudhani iliandikwa juzi.

Aliwapigia hesabu. Akihesabu saa 6 tu za jua kwa siku, kilomita moja ya mraba katika nchi za joto hupokea kwa siku nguvu zinazolingana na tani 1,000 za makaa ya mawe. Eneo la kilomita za mraba 10,000, ambalo ni dogo kuliko Kaunti yetu ya Kilifi, kwa mwaka mmoja hupokea nguvu za zaidi ya tani bilioni 3. Makaa yote yaliyochimbwa duniani kwa mwaka katika siku zile yalikuwa tani bilioni 1 na ushei. Kisha akaitaja Sahara. Jangwa lile, ambalo yeye alilihesabu kuwa kilomita za mraba milioni 6, hupokea kila siku inayokucha jua la tani bilioni 6 za makaa.

Kutoka kwenye hesabu akaingia kwenye ndoto, lakini ndoto ya mtu ajuaye kazi yake. Mahali penye rutuba, alisema, tuwaachie mimea kazi hiyo, tuichague na kuilea ili itupe zaidi. Mahali pakavu ambapo mmea haumei, hapo ndipo pa kujenga viwanda vya nuru, viwanda visivyo na moshi wala bomba la moshi, nyumba za kioo na neli za kioo zikitanda jangwani, na ndani yake yafanyike yale ambayo hadi hapo yalikuwa siri ya mimea peke yake. Akataja kwamba kwa kichocheo kifaacho, maji na hewa ya kaboni vingeweza kugeuzwa kuwa oksijeni na methani, yaani hewa ya kuchoma. Na alitaraji kwamba ustaarabu ungerudi katika nchi za joto ulikozaliwa, na ya kuwa ungekuwa ustaarabu mtulivu zaidi kuliko huu wa makaa na haraka.

Maneno hayo ni mazuri. Hata hivyo msomaji wa Pwani hawezi kuyapita bila kuangalia kalenda. Septemba 1912 Italia ilikuwa vitani. Mwaka mmoja nyuma yake, mwishoni mwa Septemba 1911, ilikuwa imeitangazia vita dola ya Kituruki na kupeleka majeshi Tripoli na Benghazi, na mapatano yalitiwa sahihi Oktoba 1912, wiki chache tu baada ya hotuba ile. Kwa hivyo seneta wa Italia alipokuwa akilihesabu jua la Sahara mbele ya wageni waalikwa, askari wa nchi yake walikuwa wakipigana na wenyeji wa ukingo wa Sahara hiyohiyo. Simtuhumu mtu kwa vita asivyoviongoza. Nasema tu kwamba jangwa katika hesabu yake ni kilomita na kalori, na kumbe lina visima, misafara, misikiti na makaburi ya watu. Yeyote ajaye kesho na vioo vyake kulivuna jua la nchi za joto atakuta kwamba chini ya jua hilo mna wenyewe, na swali la nani atauza na nani atanunua haliko katika kitabu cha kemia.

Wakati huohuo alikuwako mtu mwingine aliyelifukuzia jua la Afrika. Mmarekani Frank Shuman alijenga mwaka 1913 huko Maadi, karibu na Kairo, mtambo wa vioo vilivyokusanya joto la jua kuchemsha maji na kuendesha pampu ya kumwagilia mashamba kwa maji ya Nili. Mtambo ulifanya kazi. Lakini ule ulikuwa moto wa jua, na joto halilimbikizwi kirahisi kungoja usiku. Alichokitaka Ciamician kilikuwa kigumu zaidi. Alitaka jua ligeuzwe fueli inayoweza kuwekwa katika pipa, kama mti ugeuzavyo jua kuwa ukuni.

Vita vya kwanza vya dunia viliifuta mitambo ya Maadi, na Bologna navyo vilipiga hodi. Silber alikuwa Mjerumani. Italia iliingia vitani dhidi ya Austria mwaka 1915, na dhidi ya Ujerumani mwaka 1916. Ushirikiano wa miaka 30 hivi ukakatika, na ule mfululizo wa makala za nuru ukakoma. Na Ciamician mwenyewe, mzaliwa wa Trieste, alikuwa mtoto wa mji ambao mataifa mawili yaliupigania. Trieste ilitwaliwa na Italia mwaka 1918, vita vilipokwisha.

Kulikuwa na adui mwingine asiyepiga bunduki. Petroli ilikuwa imeshuka sokoni. Bei yake ilikuwa nafuu, ilimiminika, iliendesha meli na motokaa, na hakuna tajiri aliyekuwa na haja ya kungoja chupa zive juani mwaka mzima. Jina la Ciamician lilipelekwa mara kadhaa mbele ya watoaji wa tuzo ya Nobel, lakini hakupewa. Alifariki Bologna tarehe 2 Januari 1922, akiwa na umri wa miaka 64. Hakuacha mtambo hata mmoja uliotoa fueli kwa jua. Aliacha kemia ya nuru ikiwa elimu kamili yenye misingi, na hotuba moja.

Hotuba hiyo ililala. Waliokuja kuiamsha hawakuwa wote wameisoma. Mwaka 1939 Hans Gaffron, Mjerumani aliyekimbilia Marekani na kufanya kazi Chicago, alieleza kwamba mwani fulani wa kijani usio na mizizi wala majani, ukiwekwa mahali pasipo oksijeni, huweza kuitumia haidrojeni, na mwaka 1942 yeye na mwenziwe Jack Rubin wakaonyesha unavyoitoa kwa nuru. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walitangaza kuwa kipande cha titani oksidi kikimulikwa ndani ya maji huweza kuyatenga maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Mwaka uliofuata mafuta yalipanda bei ghafla, na watu waliokuwa wakicheka habari za jua wakaanza kutafuta majarida ya zamani.

Kisha ikaja zamu ya protini, na hapa ndipo siri aliyoitafuta mzee yule ilipoanza kufumbuka. Ndani ya jani mna mitambo miwili midogo ya protini. Wa kwanza kwa kazi, ambao kwa hesabu ya ugunduzi waitwa wa pili, una moyoni mwake fundo la chembe 4 za manganisi na moja ya kalisi. Fundo hilo likisaidiwa na nuru huyapasua maji, likatoa oksijeni tunayoivuta na kuachilia elektroni. Wajapani walipiga picha yake kwa ukamilifu mwaka 2011. Mtambo mwingine hupokea elektroni zile, ukazipa msukumo mpya kwa nuru nyingine, na karibu kila chembe ya nuru unayoimeza haipotei bure. Jani hutumia msukumo huo kupikia sukari. Wataalamu wakajiuliza, itakuwaje tukiikata safari hapo, tuzipokee elektroni kabla hazijafika jikoni, tuzipe haidrojeni iliyomo majini?

Mwaka 1985 Elias Greenbaum, katika maabara ya Oak Ridge, Marekani, aliweka chembe za platini juu ya sehemu za kijani zilizotolewa katika spinachi, akamulika, na haidrojeni na oksijeni zikatoka pamoja. Baadaye katika maabara ya Argonne, karibu na Chicago, waliubandika mtambo wa protini peke yake na chembe ndogo mno za platini, nao ukatoa haidrojeni, na mwaka 2018 walitangaza kuwa wameweza kufanya hivyo ndani ya utando wa jani wenyewe, mitambo yote miwili ikishirikiana, maji yakiwa ndiyo yatoayo elektroni. Wengine badala ya platini, ambayo ni ghali, hutumia protini za vijidudu vyenye kipawa cha kutengeneza haidrojeni. Katikati ya yote hayo wamo wale jamaa wa piroli, pete nne kwa nne, zikikamata nuru.

Mbona basi hatuchomi haidrojeni hiyo majikoni mwetu? Kwa sababu protini hufa. Ule mtambo upasuao maji huungua kwa nuru ileile unayoifanyia kazi. Katika jani hai, jua likiwa kali, kipande chake kimoja hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya kama nusu saa, maana jani lina mafundi wake wasiolala. Ndani ya chupa hakuna fundi. Mtambo hufanya kazi, huchoka, na hapana wa kuutengeneza. Ndiyo maana kazi hii ingali katika maabara, na wako wanaoona kwamba ni bora kujifunza umbo la protini hizo kisha kuunda mfano wake kwa madini yasiyooza, kuliko kuichukua protini yenyewe. Ciamician, kwa jinsi alivyoiwaza kazi yake, nadhani angekuwa upande wa hawa. Yeye hakutaka kuliiba jani. Alitaka kulijua hata aweze kufanya bila ya kulihitaji.

Idara ya kemia ya Chuo Kikuu cha Bologna yaitwa kwa jina lake, na ndani yake kwa miongo mingi Vincenzo Balzani na wenzake wameendelea kuunda vitu vinavyopokea nuru na kuitumia. Jina la Silber halimo juu ya mlango huo.